Kilomita Kumi na Moja za Korido

Jumatatu ya tarehe ishirini na tisa Novemba 2010, saa kumi na mbili na robo jioni, Crispin alipanda ngazi hadi ghorofa ya nne ya jengo moja la Etterbeek, huko Ubelgiji, mkate wa siku ile ukiwa kwapani. Alimkuta mkewe, Mwadi, amevaa koti ndani ya nyumba, anafagia theluji kwenye korido.

"Imeanza saa ngapi?" Crispin aliuliza.

"Kisha chakula ya midi. Nilizania ni chokaa ya plafond njo inaanguka. Nikaonja."

"Na?"

"Ni neige."

Crispin alivua viatu, akatazama sakafu, akavivaa tena.

Boila ya jengo, iliyopasha nyumba joto, ilikuwa imekufa tangu katikati ya Oktoba. Mwenye nyumba, Bwana Hervé, alikuwa amekwisha kupigiwa simu mara tisa, na mara zote tisa alisema fundi yuko njiani. Jioni ile Crispin alimpigia mara ya kumi, akamweleza kwamba sasa theluji inaanguka ndani. Bwana Hervé alisikika akipekua makaratasi.

"Mnapika sana?" aliuliza.

"Tunapika, monsieur, kama watu wote."

"Bila mfuniko?"

Crispin alimgeukia Mwadi. Mwadi alikuwa anasonga bukari, ugali wa kwao, na bukari haisongwi huku sufuria imefunikwa.

"Ni mvuke wenu huo," Bwana Hervé alisema. "Unapanda, unakutana na baridi, unashuka. Fungueni madirisha."

Walifungua madirisha. Nje kulikuwa na nyuzi mbili chini ya sifuri, na hewa iliyoingia ilikuwa ya vuguvugu kidogo kuliko ya ndani.

Ilipofika Alhamisi theluji ilikuwa imefika magotini, na korido imeanza kurefuka. Kwenye mkataba wa nyumba iliandikwa mita sita. Chumba cha mwisho, upande wa kushoto, kilikuwa cha Maman Berthe, mama yake Mwadi, mjane wa miaka sabini na moja aliyekuja kutoka Likasi, mji wa kwao. Siku hiyo Mwadi alimpelekea chai kwa miguu, akarudi baada ya saa moja na nusu, kope zake zimeganda. Chai ilikuwa imefika ikiwa barafu. Maman Berthe aliipokea, akaikwangua kwa kijiko, akasema sukari haikutosha.

"Toka, maman. Kuya ulale kwetu ku salon," Mwadi alimwambia kwenye simu siku iliyofuata.

"Ku salon? Fasi mukwe wangu anapita na pijama?" Maman Berthe alijibu. "Niache nife na heshima yangu."

Kwao mkwe haingii chumbani mwa mama mkwe wake, haoni kitanda chake, wala hawaketi kwenye kiti kimoja. Katika miaka kumi na minne Crispin hakuwahi kumshika Maman Berthe hata mkono. Alimsalimia kwa kuinama akiwa upande wa pili wa meza. Kwa hiyo hakuna aliyebishana naye. Walimrushia chakula kwa kamba na begi la magurudumu mpaka korido ikazidi urefu wa kamba zote zilizouzwa mtaani.

Ijumaa ya tarehe kumi Desemba alikuja mtaalamu aliyetumwa na Bwana Hervé kutafuta chanzo cha tatizo. Aliitwa Bwana Arnaud. Alikuwa na viatu vyembamba vya ofisini, kifaa cha kupimia unyevu na ubao wa kuandikia. Mwadi alimpa nafasi apite. Mtaalamu alisema atachukua dakika tano. Mwadi alikwenda kazini kwake, kwenye nyumba ya kulelea wazee, akidhani mgeni ametoka kimya kimya kama watu wa aina yake wanavyotoka. Jumamosi asubuhi aliona mwavuli wa mgeni bado umesimama mlangoni.

Asubuhi hiyo hiyo Maman Berthe alipiga simu. Dawa yake ya presha ilikuwa imebaki kidonge kimoja.

Mwadi asingeweza kwenda. Nyonga yake ilikuwa imeharibika kwa kuwanyanyua wazee wa watu. Crispin alikaa kwenye ukingo wa beseni la kuogea, akafikiri, kisha akapanda tramu kwenda mtaa wa Forest.

Huko ndiko alikofanya kazi, kwenye ghala la kampuni ndogo iliyowapeleka Wabelgiji kaskazini mwa Uswidi kuendesha pikipiki za theluji mbali na barabara, ambako hakuna nyumba wala simu. Kwa miaka saba Crispin alikuwa amepanga mabegi yao ya dharura. Watu wanne walikuwa hai kwa sababu yake, na mmoja wao alimtumia kadi. Yeye mwenyewe hakuwahi kupanda motoneige, yaani pikipiki hizo, hata siku moja, ila aliwahi kuifuta vumbi ile iliyosimama dirishani kuvutia wateja.

Meneja wake, Chloé, alikuwa anakunywa kahawa.

"Naomba ile ya dirishani," Crispin alisema. "Na begi moja."

"Wapi?"

"Kwangu, kwenye korido."

"Theluji ya unga au ya kushikana?"

"Unga. Lakini karibu na bafu inashikana."

Chloé alifikiri, akampa ufunguo. "Karibu na bafu usisimame," alisema. "Na irudi Jumatatu."

Waimbaji watatu wa sauti ya nne, kutoka kwaya ya kanisa lao, waliipandisha motoneige ghorofani. Kwenye ghorofa ya pili walipumzika, wakaimba ubeti mmoja, wakaendelea.

Crispin alitandaza vitu mezani. Alivipanga kama alivyopanga kwa wageni, na hakuharakisha, kwa sababu begi lililopangwa kwa haraka humuua mtu polepole. Vizito alivilaza karibu na mgongo: sepetu ya kukunjwa, sufuria ndogo ya kuyeyushia theluji, plagi za akiba, mkanda wa akiba wa injini. Juu kabisa aliweka vile ambavyo mkono unavitafuta kwanza. Kamba aliifunga kwa fundo linalofunguka kwa meno. Viberiti, filimbi, dira na blanketi la foili alivitia kwenye mifuko ya koti.

"Hivi juu ya nini hauviweke mu sac?" Mwadi aliuliza.

"Sac inaweza kubakia na motoneige, na miye nikaanguka fasi ingine. Kintu ya kukuponesha, unaivaa."

"Na wale bazungu banajua hivi?"

"Banajua. Niliwaandikia."

Maman Berthe naye alikuwa na orodha yake, akaisoma kwenye simu bila kupumua: dawa, sombe, mafuta ya nywele, kitenge cha buluu, si kile cha buluu kingine, na chumvi. Crispin alivipatia nafasi vyote. Sombe aliiweka kwenye chupa ya chai. Kisha akamwandikia Mwadi karatasi: njia atakayopita, saa ya kuondoka, saa ya kurudi.

"Saa kumi na moja nisiporudi, unaita pompiers, bale ba kuzima moto."

"Nitabaambia nini?"

"Bambie étage ya nne, mulango wa kuume, kisha moja kwa moja."

Aliondoka saa saba na nusu mchana. Theluthi moja ya petroli ilikuwa ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi ya Mungu. Mwadi aliitazama taa nyekundu ya nyuma mpaka ikafifia kwenye kona ambayo zamani ilikuwa kabati la viatu.

Kilomita ya kwanza ilikuwa tambarare. Kilomita ya tatu alipita chini ya picha ya harusi yao, iliyoning'inia juu sana, na akaona kwa mara ya kwanza kwamba siku ile shemeji yake alikuwa amefumba macho. Kilomita ya tano alipita bafu bila kusimama. Theluji iliyokuwa juu ya fremu ya mlango iliporomoka nyuma yake, ikafunika alama zote za pikipiki. Crispin aliangalia dira, akaendelea.

Kwenye kilomita ya nane alimkuta Bwana Arnaud ameketi chini ya mita ya umeme, magoti kifuani, anaandika. Wino ulikuwa umeganda, lakini mkono wake ulikuwa bado unakwenda.

"Wewe ndiye mpangaji?" Bwana Arnaud aliuliza. Midomo yake ilikuwa ya zambarau.

"Ndiyo, monsieur."

"Mnapika sana?"

Crispin alimzungushia blanketi la foili, akamsugua mgongo, akamyeyushia theluji na sukari, akamlisha vijiko sita vya sombe. Bwana Arnaud alikula, akalia kidogo, akauliza ni mboga gani. Crispin alimwambia ni majani ya muhogo. Bwana Arnaud aliandika.

Kurudi naye hapo hapo kungemaliza petroli na kumwacha Maman Berthe bila dawa. Kwa hiyo Crispin alimpandisha nyuma, wakaenda wote.

Mlango wa mwisho ulikuwa wazi kidogo, na mbele yake theluji ilikuwa imefagiliwa vizuri. Crispin alizima injini, akageuza mgongo, akapiga makofi mawili.

"Maman, ni miye. Nimegeuka."

"Mukwe wangu," ilijibu sauti kutoka ndani. "Bibi yako hajambo?"

"Hajambo, maman. Dawa iko hapa."

Alinyoosha mkono nyuma. Mkono wa Maman Berthe, ndani ya soksi mbili, ulichukua vidonge bila kuugusa wake. Alivimeza. Theluji ilianguka kwenye kofia ya Crispin.

"Maman," alisema bila kugeuka, "chumba hii haitakuacha na uzima mpaka Noeli. Tuende."

"Nitaenda na nini?"

"Na motoneige hii."

"Nikae nyuma yako? Nikushike kiuno?" Sauti ilipanda. "Ba ku Likasi bakisikia?"

Crispin alijua kwamba mama mkwe wake yuko sahihi. Alijua pia kwamba hatarudi bila yeye, maana angemwambia Mwadi nini? Alisimama pale mgongo umegeuka, baridi inamtafuna vidole, na kwa mara ya kwanza siku ile alihisi machozi. Ndipo macho yake yakamwangukia Bwana Arnaud, aliyekuwa anajaribu kupima unyevu wa ukuta.

"Maman, kuko muzungu mumoja hapa."

"Mukubwa?"

"Wa kadiri."

"Anakaa katikati?"

"Anakaa katikati."

Maman Berthe alitoka amevaa vitenge vitatu, akamkagua Bwana Arnaud mbele na nyuma, akakubali. Walipanda. Crispin alishika usukani, Bwana Arnaud alimshika Crispin, na Maman Berthe alimshika Bwana Arnaud kwa nguvu za mtu anayekumbatia nguzo. Crispin aliacha njiani sepetu, sufuria na mkanda wa akiba ili kupunguza uzito. Walifika saa kumi na moja na dakika nne. Mwadi alikuwa ameshika simu, amebonyeza tarakimu mbili kati ya tatu. Aliiweka chini, akaenda kumfuta mama yake theluji kwenye nywele.

Tangu usiku ule Maman Berthe alilala na Mwadi, na Crispin alilala jikoni, miguu chini ya meza.

Ripoti ya Bwana Arnaud ilifika Januari, imeambatanishwa na barua ya Bwana Hervé. Ilikuwa na kurasa kumi na mbili na iliandikwa kwa uangalifu. Radiata za kupashia joto zilionekana zote, zimefungwa imara ukutani. Unyevu haukupatikana: theluji ilikuwa kavu. Korido ilizidi mkataba kwa mita 10,994, ambazo wapangaji walikuwa wanazitumia bila idhini. Kwenye ukurasa wa mwisho Bwana Arnaud alishukuru kwa mboga. Bwana Hervé kwa upande wake aliwaomba waipashe joto korido ipasavyo, kwa kuwa baridi inaweza kuharibu jengo.

Julai, siku ya nyuzi thelathini na tatu, Crispin alimpigia tena. Bwana Hervé alishangaa: nani anatengeneza boila wakati wa joto? Apige Oktoba. Oktoba Crispin alipiga. Bwana Hervé alisikitika sana. Oktoba boila zote za mji zinaharibika kwa pamoja, na mafundi hawashikiki. Angepiga Julai.

Crispin alikata simu. Mwadi na mama yake walikuwa mezani, wamevaa makoti, wanachambua maharage.

"Anasema nini?" Mwadi aliuliza.

"Anakusalimia," Crispin alisema.