Moshi Mbele ya Dereva

Wilfred Ormerod alikuwa amechora injini za treni za moshi kwa miaka ishirini na mitatu, na hakuna hata moja iliyowahi kuitwa yake. Kwa hiyo siku mhandisi mkuu alipotundika ukutani mchoro wa Clement Thwaite, kijana aliyehamia kiwandani mwaka juzi tu, na chumba kizima kikashangilia, Wilfred alishangilia pia, huku roho ikimuuma.

Akausogelea mchoro akitafuta kasoro, akaiona. Bomba la moshi lilikuwa fupi mno kwa boila nene namna ile. Upepo ukivuma kutoka ubavuni, moshi usingepaa; ungelala juu ya boila na kumziba dereva macho asione ishara za njiani. Kabla ya vita Wilfred alishahangaika na tatizo hilohilo, akalitibu kwa mabati mawili ya kuelekeza upepo.

"Vipi, Bwana Ormerod?" Clement akamuuliza. "Niambie ukweli, wewe ndiye mkongwe wetu."

"Safi kabisa. Sina la kuongeza."

Machi 1950 injini ya Clement ikatolewa kwa majaribio. Wachoraji hao wawili walipanda pamoja na dereva, Enoch Bickerdike, na mtia makaa wake. Walipofika nyika za juu, upepo ukawapiga kwa pembeni, na moshi ukawashukia.

"Mnaona kitu huko, waheshimiwa?" Enoch akafoka. "Maana mimi naona supu tu!"

Ishara ya tahadhari walishaipita bila kuiona. Wilfred, kichwa nje ya dirisha la kushoto, aliona moshi ukipasuka kidogo, na mkono mwekundu wa ishara umelala mlalo.

"Breki! Enoch, breki! Njia imefungwa!"

Magurudumu yalipiga kelele. Walisimama hatua thelathini nyuma ya treni ya makaa iliyokuwa imetulia relini.

Mtia makaa aliteremka kwenda kujieleza kwenye kibanda cha ishara. Clement akamvuta Wilfred kando ya reli.

"Umeng'ang'ania dirisha lile tangu tunaondoka. Ulijua."

"Nilijua."

"Tungekufa, mzee! Wote wanne! Kwa nini hukusema?"

"Kwa sababu injini ni yako."

Clement akampa mgongo, akarudi kwenye injini.

Wilfred alingoja kufukuzwa kazi. Jumatatu mhandisi mkuu alimwita, akampa mkono. Taarifa ya Clement ilisema kosa la bomba lilikuwa lake peke yake, na kwamba Bwana Ormerod ndiye aliyewaokoa, tena michoro yake ya kabla ya vita inayo dawa: mabati mawili.

Wilfred alirudi mezani kwake. Ng'ambo ya chumba Clement alikuwa ameinamia kazi, hakuinua macho. Hata katika kusamehe amenishinda, Wilfred akawaza, na wivu ukamchoma kuliko siku zote. Akachukua penseli, akaanza kuyachora mabati yale.