Tairi Isiyo na Tundu

Kila Jumanne asubuhi, kabla hata ya kunywa chai, Mzee Taratibu alitoka uani na kipimo cha presha mfukoni, akachuchumaa nyuma ya gari lake upande wa ukutani, ambako jirani haoni, akaitoa upepo tairi moja.

Hakuitoa ovyo. Alifungua kofia ya valvu, akabonyeza kipini cha ndani kwa ncha ya ufunguo, akaacha upepo ulie fyuuu, kisha akapima. Akabonyeza tena kidogo, akapima tena. Ikifika ishirini na mbili, anaacha. Chini ya hapo angeiumiza tairi, na katika miaka thelathini na mmoja ya kuwaendesha wapima ardhi hakuwahi kuumiza tairi kwa makusudi. Baada ya hapo alinawa, akavaa shati lililopigwa pasi, akaendesha polepole mpaka kwa fundi wa tairi, akashusha kioo na kusema:

"Inavuja tena, mwanangu."

Gari lilikuwa kubwa, la viti saba, lenye miguu mirefu na magurudumu yote manne ya kusukuma. Kampuni ya upimaji ilimuuzia siku alipostaafu. Mkewe alilipenda, akisema ukikaa mle unaona mpaka uani kwa watu. Sasa mke alikuwa na miaka miwili kaburini, na binti yao yuko nchi ya mbali. Binti hupiga simu kila Jumapili. "Baba, umekula?" Naye hujibu, "Nimekula, mama," hata kama chakula chenyewe ni kipande cha mkate alichokimaliza wima jikoni. Mezani palikuwa na viti viwili. Kimoja alikirundikia magazeti, ili kisionekane kitupu.

Kwa fundi hapakuwa na kitu kitupu. Palikuwa na kibanda cha mabati, kompresa inayonguruma, pipa lililokatwa katikati na kujazwa maji, na tairi kuukuu zilizopangwa kivulini, ambazo madereva wa magari makubwa walizigeuza viti. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa makamo mwenye mikono ya kufungua nati yoyote. Walimwita Mama Presha, na hakuna aliyejua kama ni kwa ajili ya upepo au kwa ajili ya ulimi wake.

"Asiyefunga tairi za matope si dereva," alikuwa akisema dereva wa watalii, ambaye tairi zake zenye meno makubwa zilimpa jina la Meno. "Mimi naingia kwenye tope mpaka hapa, natoka napiga mluzi."

"Na kwenye lami je?" alidakia dereva wa hospitali. "Ukipita mtaani kwetu watu wanatoka nje wakidhani ndege inatua."

"Bora kelele. Kati yangu na wewe, nani alisukumwa na manesi?"

Wakaangua kicheko. Msimu wa mvua uliopita, dereva wa hospitali alikwenda kwenye chanjo na tairi zake laini za lami, gari likakaa katikati ya uwanja wa tope kama kuku anayeatamia. Manesi wanne walishuka na sare zao nyeupe wakasukuma. Walirudi na rangi ya matofali.

"Hawajanisamehe mpaka leo," alisema. "Nikiumwa, wanatafuta sindano yenye kutu. Mzee Taratibu, hebu mnyamazishe huyu."

Hiyo ndiyo nafasi aliyoingoja Mzee Taratibu wiki nzima. Alikohoa kidogo, akaweka mikono magotini.

"Mimi nimefunga zote. Za matope zimenitoa mabondeni, lakini mvua ikinyesha juu ya lami zinateleza kama sabuni. Za lami ni tulivu, unasikia abiria akimeza mate, ila jiwe likizigusa ubavuni, andaa jeki. Hizi zangu za mchanganyiko si bingwa popote. Lakini safari ya kwenda na ya kurudi, zote zinakufikisha."

"Umesikia, Meno? Andika hayo."

Wakacheka tena, naye akacheka nao. Saa mbili nzima namna hiyo, halafu nyumbani, mpaka Jumanne nyingine.

Siku moja Meno alisimama akajipangusa suruali. "Mama Presha, hii tairi ya Mzee unaijaza upepo tu, huu mwezi wa tatu. Itakuja kumlaza mtaroni. Ivue tuizamishe, tuone panapovuja."

"Acheni tu, wanangu," alisema Mzee Taratibu, kwa haraka iliyomshangaza yeye mwenyewe. "Upepo unatosha."

"Hautoshi, baba. Wewe ukianguka, nani atatufundisha kazi?"

Ulikuwa wema mtupu, na ndiyo maana haukuwa na mlango wa kutokea. Meno tayari alikuwa ameingiza jeki. Tairi ikavuliwa, ikajazwa, ikabiringishwa mpaka kwenye pipa. Madereva wakainama juu ya maji. Mama Presha aliizungusha tairi taratibu, robo kwa robo.

Hakikutoka kipovu hata kimoja.

Akaizungusha mara ya pili. Akatemea mate kwenye valvu. Mate yalikaa pale yakiwaangalia. Mzee Taratibu alitazama viatu vyake. Masikio yalimwaka, akajiona jinsi watakavyomwona: mtu mzima anayechezea gari lake ili apate wa kuzungumza naye.

"Haivuji," alisema dereva wa hospitali.

"Inavuja," alisema Mama Presha. Alikuwa ameweka kidole mahali fulani. "Hapa. Katundu kadogo."

"Mbona sioni?"

"Wewe utaona nini? Bwawa la tope zima hukuliona."

Wakamcheka dereva wa hospitali, na katika kicheko hicho Mama Presha aliichukua tairi akaingia nayo ndani ya kibanda. Alikaa huko muda wa kutosha kubandika kiraka. Alipotoka, aliifunga mwenyewe, akamwita Mzee Taratibu amshikie nati. Wakawa wamechuchumaa wawili tu upande wa pili wa gari.

"Baba," alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama. "Tairi inayovuja haijui hesabu. Leo inakuja na kumi na tano, kesho na thelathini. Yako inakuja na ishirini na mbili, kila Jumanne."

Mzee Taratibu alimpa nati iliyobaki.

"Usiitoe upepo tena. Unachosha mpira bure." Akakaza nati ya mwisho. "Lakini Jumanne ni Jumanne."

Jumanne iliyofuata hakwenda. Alifagia ua uliokuwa umefagiwa. Ile nyingine pia hakwenda. Binti alipopiga simu aliuliza, "Baba, mbona sauti yako iko mbali?" Akasema ni mtandao. Aliyazungumza maneno yaleyale ya kila Jumapili, na simu ilipokatika, nyumba ilikuwa kimya kiasi cha kusikia jokofu likijiwasha na kujizima.

Jumanne ya tatu alichuchumaa nyuma ya gari. Akafungua kofia ya valvu. Ufunguo ulikuwa mkononi. Alikaa hivyo mpaka magoti yakamuuma, kisha akaifunga kofia, akapima tairi zote nne moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa sawasawa. Akanawa, akavaa shati, akaondoka.

Walimwona tangu anakata kona. Alizima injini; safari hii hakuwa na kitu cha kuonyesha.

"Karibu, Mzee," alisema Mama Presha, akifuta mikono. "Leo gari lina nini?"

"Halina kitu." Akafunga mlango wa gari. "Nimekuja kukaa tu."

Kompresa ilinguruma ikanyamaza. Meno alimtazama, kisha akawatazama wenzake.

"Sasa hilo nalo la kutangaza?" alisema. "Mimi gari langu limekwisha kutengenezwa tangu saa tatu. Huyu wa hospitali hata gari hakuja nalo."

"Liko gereji," alisema dereva wa hospitali, akageuza uso. "Nyumbani nifanye nini?"

Akasogea kwenye tairi yake, akaipangusa vumbi kwa kofia, akaacha nafasi ya mtu mmoja.