Midomo Juu ya Maji

"Wana njaa hao!" alicheka mume wangu, bingwa wa majibu, alipoona samaki tunaowafuga kwenye kizimba wamejazana juu ya maji, midomo wazi. Akawamwagia ndoo nzima ya chakula.

Niliinama kunawa mikono baharini. Maji yalikuwa ya uvuguvugu kama ya kumwogesha mtoto.

"Baba watoto, njaa gani hiyo? Wanakosa hewa! Maji yamepata joto, hewa imepungua!"

"Usinitie kiwewe, mama. Bahari yote hii ikose hewa?"

Chakula kilielea tu. Samaki mmoja akalala ubavu, kisha wenzake wakamfuata. Ndoo ikamponyoka mume wangu.

"Tukikokote kizimba hadi kwenye maji baridi," alinong'ona.

"Yako wapi?"

Akaitazama bahari kila upande. Bingwa wa majibu akainama, akaanza kuwaopoa samaki waliokufa.