Koni Haina Mikono

Foleni ya pili ilikuwa imepinda tena. Veturia akapuliza filimbi, watoto wakajinyoosha. Hatua tatu na mpira mkononi, ruka, rusha, kimbia ukasimame nyuma. Mbele ya kila foleni ilisimama koni ya plastiki ya rangi ya chungwa, na nyuma yake lango lisilo na kipa.

"Hivyo hivyo," alisema mwalimu mkuu, Bwana Drăgan, kutoka mlangoni. "Mkaguzi anapenda mpangilio. Anapanda ngazi sasa hivi."

Miaka thelathini na moja Veturia alikuwa akifundisha michezo katika ukumbi huo wa shule, kwenye mji ambao migodi yake ya makaa ilifungwa na ambao kila Septemba ulileta watoto wachache kuliko wa mwaka uliopita. Utotoni alicheza mpira wa mikono. Kocha wake alimsimamisha mbele ya ukuta: kurusha mara mia tatu asubuhi, mia tatu jioni. Alipofika kwenye mechi ya kweli alikuwa na mkono kama manati, lakini hakujua ampe nani mpira. Alipotimiza miaka kumi na tisa bega la kulia likafa. Mpaka leo huanika nguo kwa mkono wa kushoto.

Ndiyo maana kwa miaka mingi hakuwapangia watoto foleni. Aliwapa mchezo tangu siku ya kwanza, watatu kwa watatu, katika kiwanja kidogo. Mchezo ukikwama aliusimamisha na kuuliza: nani yuko peke yake? Ulimwona? Mkono wa mtoto aliurekebisha baadaye, mtoto mwenyewe alipoona unamwangusha. Wazazi walinung'unika kwamba watoto wanacheza tu. Kisha, mwezi Januari, Drăgan akamwambia kwamba vipindi vinapunguzwa. Kati yake na Sorin, mwalimu mwenzake kijana aliyetembea na filimbi mbili shingoni, mmoja ataondoka, na alama za mkaguzi ndizo zitakazoamua. Veturia alibakiza miezi kumi na minne astaafu. Akanunua koni. Kwa wiki tatu akawapanga foleni, na kila jioni alirudi nyumbani na uchovu ambao haukuwa wa miguu.

Mkaguzi, Bwana Hațegan, aliingia akiwa amevisha viatu vyake vyenye matope mifuko ya plastiki ya bluu. Alikuwa mrefu, mgongo umepinda kidogo. Akaketi kwenye benchi, akaweka fomu magotini. Dakika ishirini watoto wakaruka na kurusha, naye akaandika bila kuinua kichwa mara nyingi. Drăgan alitabasamu.

Kisha ikafika zamu ya Sânziana. Alisimama na mpira, akaitazama koni, asiruke.

"Endelea, mwanangu," alisema Veturia.

"Mwalimu, niruke kwa nini?"

"Ndiyo zoezi."

"Lakini koni haina mikono. Nani ananizuia?"

Ukumbi mzima ukacheka. "Haina hata akili," alisema Remus kutoka nyuma. "Kama wewe tu."

"Funga bakuli lako, pua ndefu!" alijibu Sânziana.

Drăgan akakohoa. Neno "endelea" lilikuwa bado mdomoni mwa Veturia, jepesi, tayari kutoka. Alimtazama msichana huyo wa miaka kumi na miwili, ambaye mwaka mzima wa kwanza alijifungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo akisingizia tumbo. Akaisukuma koni kando kwa mguu. Akasimama pale ilipokuwa, akatanua mikono; wa kulia uliishia usawa wa kifua.

"Haya. Mimi ninayo. Sasa?"

Sânziana akaja, akaruka, mpira ukagonga kiganja cha Veturia. Akajaribu tena. Tena ukazuiwa.

"Mwalimu ni ukuta!"

"Ukuta wa zamani!"

"Unataka nini?" Veturia alimuuliza. Alikuwa anahema.

"Nataka watu. Wawili."

Remus akaenda kushoto, msichana mwingine, Doinița, kulia. Foleni zikavunjika; wengine wakasogea wakipiga kelele, kila mmoja na ushauri wake. Sânziana akamtazama Remus, akainua mkono kana kwamba anampa. Veturia akaruka upande huo, goti likamsaliti, akakaa kitako sakafuni kwa kishindo. Mpira ulikuwa tayari upande wa pili, mikononi mwa Doinița. Doinița akaurusha vibaya, kiwiko chini kama anamwaga maji, ukadunda mara mbili, ukaingia langoni.

Watoto wakamzunguka Veturia.

"Mwalimu, umekufa?"

"Bado. Nani alikuwa peke yake?"

"Doinița!"

"Mlijuaje?"

"Macho yako yalimfuata Remus," alisema Sânziana.

Doinița alikuwa anautazama mkono wake. "Lakini nimerusha kama bibi. Kungekuwa na kipa angeudaka kwa kofia. Nionyeshe, Mwalimu."

Veturia akanyanyuka kwa kushika bega la Remus. Akaupandisha mkono wake wa kulia polepole mpaka pale maumivu yanapoanzia. "Kiwiko hapa," alisema. "Hapana, juu zaidi ya changu. Changu kisikudanganye."

Kengele ilipolia watoto walitoka wakibishana. Hațegan akampa fomu atie sahihi. Sita kati ya kumi.

"Kwenye fomu kuna nafasi ya mpangilio," alisema, kama anayeomba radhi, "na nafasi ya ufundi wa kurusha. Kwa hiki nilichokiona, hakuna."

"Najua."

Akatia sahihi. Drăgan alimfuata hadi mlango wa stoo, akinong'ona kwa hasira. "Dakika arobaini tu, Mwalimu Veturia! Umeshindwaje kuvumilia dakika arobaini?"

"Nilivumilia ishirini."

Drăgan akatikisa kichwa, akaondoka. Veturia akabeba koni mbili mbili mpaka zikaisha, akaketi kwenye godoro la mazoezi, akalisugua goti. Hakulia. Alitaka kulala tu, hata pale pale.

Aliponyanyuka kuzima taa, alisita mlangoni. Mkaguzi alikuwa hajaondoka. Alikuwa ndani ya lango, amevaa koti lake zito na mifuko ya bluu miguuni, akitazama mahali Sânziana alipokuwa amesimama. Akainua mikono yote miwili kama kipa, mgongo ukanyooka. Akapiga nusu hatua kuelekea upande aliokuwa Remus. Akasita. Kisha, taratibu, akageuza kichwa upande aliokuwa Doinița.