Mkunjo Usiokatwa

Kitabu kilikuwa na umri wa karne tatu, na hakuna aliyewahi kukisoma chote. Kilikuwa shairi refu la falsafa kwa Kilatini, lililotungwa ili kuwaondolea watu hofu ya kifo. Karatasi zake nyingi zilikuwa bado zimeshikana ukingoni kwa mikunjo isiyokatwa, kama zilivyotoka kwa mpiga chapa.

Fundi, ambaye kazi yake maktabani ilikuwa kujalidi vitabu vikuukuu, alikilaza juu ya mto wa pamba. Baba yake aliketi kando, mikono juu ya bakora. Mzee huyo alikuwa mwalimu wa Kilatini. Maisha yake yote alidai kwamba shairi lilipoteza mstari mmoja mikononi mwa wanakili, na kwamba chapa hii adimu ndiyo iliyouhifadhi. Wenzake walimcheka hadi wakambandika jina la Mzee Mstari. Sasa chapa yenyewe ilikuwa imepatikana, na kesho yake angesimama mbele yao kuizungumzia. Lakini macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho. Hakuweza kusoma hata bango la mlangoni.

"Kata huo mkunjo, binti yangu," alisema.

"Haukatwi, mzee wangu," mkutubi mkuu, aliyesimama nyuma yao, alijibu kwa upole. "Heshima ya kitabu hiki ni kutokatwa."

"Basi tumeoa mke wa kumchungulia dirishani."

"Kuchungulia kunatosha, baba, nina kioo cha daktari wa meno," fundi alisema. Akatoa kwenye droo tochi nyembamba na kioo kidogo.

"Kimetoka kinywani mwa nani hicho?"

"Dukani. Usiwe na kinyaa."

Alibinua karatasi kwa kidole, taratibu, mpaka mkunjo ukafumbuka kama mfuko. Akaingiza kioo. Herufi zilimjia zimegeuka, naye akazifuata moja moja hadi mahali mshairi anapozungumzia usingizi. Hapo ndipo mstari ulipopaswa kuwa.

Haukuwepo.

Fundi alishusha pumzi. Mkutubi hakujua Kilatini. Baba hakuona. Mstari wenyewe, kama baba alivyoukisia, fundi aliujua kwa moyo, kwani baba alimfundisha mezani jikoni kabla hajajua kufunga viatu. Angeutamka tu, mzee angelala usingizi mnono. Lakini mezani hapo hapo alifundishwa pia kwamba msomaji husoma kilichoandikwa, si anachokitamani.

Akasoma mstari wa juu. Akasoma wa chini. Katikati hakutia kitu.

Mkutubi akawatazama kwa zamu, asijue kilichotokea.

"Rudia," baba alisema.

Akarudia.

"Umesoma kwa kioo?"

"Ndiyo, baba."

"Herufi zimegeuka, na mwanga wa kuazima?"

"Ndiyo."

"Na mizani hukuikosea hata mahali pamoja." Mzee alijinyoosha kitini, kifua mbele, kama anayepimwa kanzu. Akamgeukia mkutubi. "Mstari haupo, bwana. Nimekosea tangu ujana wangu. Kesho nitasimama niwaambie wenzangu, nao watacheka mpaka washike mbavu."

"Pole sana, mzee."

"Pole ya nini? Wakishamaliza kucheka, wataniuliza ni nani aliyeusoma mkunjo ambao haujakatwa." Akapapasa hewani mpaka akaupata mkono wa binti yake. "Hapo ndipo nitakapoanza kucheka mimi."