Mlango wa Maji

Gunia la mwisho la udongo nililibeba mimi, kwa mgongo wangu mwenyewe, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo.

Silanga yetu hapa Nuu, bwawa la kukingia maji ya mvua, tuliichimba misimu miwili ya kiangazi, sisi wanawake wa kikundi cha mwethya, kwa majembe na karai, tukisaidiana zamu kwa zamu. Mutie, fundi aliyetupimia ukuta, alituachia mlango pembeni, njia pana ya kupitisha maji yakizidi.

"Huu mlango msiuzibe hata siku moja," alisema. "Maji yakipanda juu ya ukuta wa udongo, hamna silanga."

Mvua ya kwanza iliijaza. Tukapiga vigelegele. Kisha maji yakaanza kutoka mlangoni, yakateremka kwenda zake. Nani Ukambani anaweza kutazama maji yakienda, akanyamaza? Watu walishika vichwa kama walioibiwa ng'ombe.

Kaloki, mwenyekiti wetu na mzee wa kanisa, akaagiza mlango uzibwe kwa magunia ya udongo.

"Mutie alikataza," nikasema.

"Mutie anakunywa maji ya mfereji huko Kitui. Wewe Ndinda, Mungu akikupea maji, unamwaga?"

Watu wakacheka. Nikaona haya, mimi mjinga. Nikainama, nikatwishwa gunia.

Mvua haikupumzika. Jumapili, katikati ya ibada, tulisikia mngurumo bondeni. Tulipofika, ukuta ulikuwa umekatika katikati, na jasho letu la misimu miwili limesombwa pamoja na ndengu zote za Kathini, jirani yangu. Kaloki akavua kofia, akasema ni mapenzi ya Mungu. Mapenzi ya Mungu! Mkono uliniwasha. Nilitamani kumzaba kofi mbele ya mchungaji.

Sasa ni Septemba. Tunafukua maji kwenye mchanga wa mto, mwendo wa saa mbili kwenda tu. Jana nilimkuta Kaloki foleni, na punda wake. Akanipisha.

"Chota kwanza, Ndinda. Wewe ulituambia."

Heri angenyamaza.

"Niliwaambia," nikamjibu, "halafu nikabeba gunia."

Nikashuka shimoni, nikachota. Kata ilitoka na tope tupu. Kwa hasira nikaigeuza nimwage, na foleni nzima, Kaloki akiwa wa kwanza, ikanipigia kelele:

"Usimwage!"