Aliyekuwa Kwenye Diski ya Saba

Jumatatu ya kwanza ya likizo ya Juni, Justa alifungua chumba cha kompyuta cha shule moja ya kutwa ya Katandala, akapangusa vumbi mezani kwa kipande cha kanga kuukuu, akapanga flashi zake tatu mahali penye mwanga. Nje ulikuwa ukivuma ule upepo wa Ufipa unaokausha midomo, na mlinzi alikuwa amejikunyata juani ndani ya koti zito. Chumbani mlikuwa na kompyuta kumi na moja, zote zimekula chumvi nyingi. Ukiwasha mojawapo, ungeweza kwenda kununua nyanya, ukarudi, ukaikuta bado inazungusha kiduara.

Justa alikuwa na miaka ishirini na mitano na stashahada ya kompyuta. Hapo shuleni alifundisha kwa kujitolea, huku akingoja ajira. Kwa muda wake mwenyewe alikuwa mjaribu wa Mbayuwayu, mfumo wa Linux wa kuendeshea kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea kama yeye, waliotawanyika nchi nyingi na wasiowahi kuonana. Kabla ya toleo kamili walitoa la majaribio, na wajaribu wakalisakinisha kwenye mashine zao, wakaandika kila kosa waliloliona ili lirekebishwe. Justa alikuwa ameshaandika makosa kumi na nane. Toleo hili lilikuwa jepesi, linafaa mashine kongwe, na nusu ya maneno yake yalikuwa ya Kiswahili.

Mkuu wa shule, Mwalimu Baltazari, alimpa ruhusa ya kulisakinisha kwenye kompyuta zote akiwa amesimama mlangoni.

"Ila ufute kila kitu, mwalimu. Hasa hiyo ya saba. Ilikuwa ya ofisini zamani. Nisikute hata barua."

"Sawa, mkuu."

Kompyuta sita za kwanza zilikwenda vizuri, isipokuwa ya tatu, ambayo saa yake ilirudi hadi mwaka 1970 ikagoma kutoka huko. Justa akaandika. Ya saba ilifika asilimia arobaini na tatu, ikasimama. Ukatokea ujumbe kwa Kiswahili kilichonyooka: *Kuna mtu kwenye diski hii. Umfute au umbakize?*

Chini yake kulikuwa na vitufe viwili. Cha kufuta kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa, kinangoja kukubaliwa tu. Justa akaandika kwenye daftari: ujumbe mpya, haumo kwenye mwongozo, tahajia sahihi. Kanuni ya mjaribu ni kutopoteza kitu asichoweza kukirudisha. Akabonyeza cha kubakiza.

Asilimia zikaendelea. Zilipotimia mia, msichana alikuwa ameketi kwenye benchi la nyuma, amevaa sweta la kijani lenye kiraka kwenye kiwiko cha kushoto, mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nne. Justa alipogeuka, msichana alisimama.

"Shikamoo, mwalimu."

Justa alilitambua sweta kabla ya uso. Alikuwa amelivaa yeye mwenyewe kuanzia darasa la tatu hadi la saba, baada ya mwenye nalo kuolewa. Mwenyewe alikuwa dada yake Silvana, ambaye jana yake tu alikuwa amemwacha kijijini kwao Kasense akipeta maharage. Silvana huyo alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Huyu alikuwa na kumi na saba.

Justa alisita, kwa sababu ya itikio. Kumwitikia dada yako marahaba si adabu, na kuiacha salamu ikining'inia si adabu zaidi.

"Marahaba, dada," akasema.

"Mwalimu Baltazari ameshamaliza?"

"Kumaliza nini?"

"Alisema nisubiri. Anabadilisha jina moja tu, halafu ataniita."

"Jina la nani?"

"La Jane, mtoto wa dada yake. Tulikuwa wote kidato cha nne."

Akaikunjua karatasi akaiweka mezani. Yalikuwa matokeo ya kidato cha nne. Silvana Polikarp, daraja la kwanza, pointi kumi na tano. Justa aliisoma mara mbili. Kisha akavuta kiti, akakaa.

Kwao Kasense kila mtu alijua kwamba Silvana alipata sifuri. Karatasi iliyobandikwa ukutani shuleni, miaka kumi na sita nyuma, ilisema hivyo. Baba yao, mzee Polikarp, aliyekuwa ameuza maksai ili binti asome, siku hiyo aliyabeba madaftari ya binti akawashia moto wa kuchemshia pombe ya kimpumu. Kabla ya mavuno mengine alikuwa ameshamwoza. Wageni wakija alimtaja kama "yule wangu wa sifuri," na wageni walicheka kwa heshima. Silvana alilima ulezi na maharage, na kwa ulezi huo na maharage hayo ndiyo Justa alisomeshwa hadi stashahada.

Justa akawaandikia watengenezaji wa Mbayuwayu, kosa la ishirini: *Usakinishaji ukibakiza mtu aliyefutwa, mtu huyo hutoka akiwa na umri aliofutwa nao.* Kabla ya saa sita jibu lilikuwa limefika. Walimshukuru kwa kujaribu. Walisema wamerudia hatua zote kwenye mashine zao na hakuna mtu aliyetoka. Walimwomba aambatishe kumbukumbu za usakinishaji na aina ya diski. Akaambatisha.

Kisha akamshika Silvana mkono, wakaenda ofisini kwa mkuu.

Mwalimu Baltazari alikuwa akila ndizi. Alimtazama msichana kuanzia viatu hadi kichwani, akaifunga ndizi kwenye ganda lake, akaiweka kando.

"Sweta hilo si sare yetu tena," alisema. "Tulibadilisha."

"Mkuu, huyu ni dada yangu Silvana," Justa alisema. "Alipata daraja la kwanza. Wewe ndiye ulikuwa mwalimu wa taaluma. Ulibandika sifuri."

"Mambo ya kompyuta hayo, mwalimu. Wewe ndiye mtaalamu, unajua zinavyokosea." Akamgeukia msichana. "Si nilikwambia usubiri?"

"Nimesubiri, mwalimu."

"Sasa nani alikuita?"

Msichana aliinamisha kichwa akaomba radhi. Justa alimsikia akiomba radhi, na jambo hilo lilimuuma kuliko yote ya siku ile.

Kesho yake Silvana mkubwa, aliyepigiwa simu na Justa, alikuja kutoka Kasense kwa bodaboda, amejifunga kitenge juu ya sweta, miguu ina vumbi jekundu. Alisimama mbele ya yule msichana. Kisha akamnyoosha kola iliyokuwa imekunjika upande mmoja.

"Shikamoo, mama," msichana alisema.

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula kwa mwalimu Justa."

Silvana mkubwa akachukua karatasi, akaisogeza mbali na macho ili aione vizuri. Aliisoma somo kwa somo, midomo ikitembea.

"Baiolojia nilijua," alisema mwishoni. "Fizikia ndiyo nilikuwa na wasiwasi nayo."

Akaikunja kwa mikunjo ileile, akairudisha kwa msichana. Hakulia. Aliuliza choo kiko wapi, akakaa huko muda, akarudi amenawa uso.

Wakaenda wote watatu kwenye ofisi moja mjini inayoshughulikia malalamiko ya namna hiyo. Afisa aliyewapokea aliitwa Edwin, kijana mpole, mwenye kikohozi cha baridi. Aliwasikiliza hadi mwisho. Akatafuta kwenye kompyuta yake, akawageuzia kioo waone.

Silvana Polikarp alikuwepo. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, akasoma chuo kikuu, na sasa alikuwa mkuu wa kitengo Dodoma. Picha yake ilikuwa ya mwanamke mnene mwenye hereni za dhahabu. Msichana aliisogelea picha akatabasamu.

"Jane huyo," alisema. "Amependeza."

"Kwa kumbukumbu zetu huyu ndiye Silvana," Edwin alisema taratibu. "Cheti chake kilihakikiwa mwaka ule wa uhakiki wa vyeti vya watumishi wa serikali, kikaonekana halali. Na ni halali. Sasa, nani kati yenu ndiye mlalamikaji?"

"Mimi," walisema Silvana wote wawili.

Edwin akakohoa, akachukua kalamu. Kwanza akamwomba mkubwa kitambulisho cha taifa. Alikuwa nacho. Akaandika, halafu kalamu ikasimama.

"Tatizo, mama, wewe mwenye kitambulisho, rekodi inasema huna cheti cha kudai. Ulipata sifuri." Akamtazama msichana. "Na wewe uliyefaulu hujafikisha miaka kumi na minane. Huwezi kulalamika bila mzazi."

"Mzazi tunaye," Justa alisema. "Baba yupo Kasense."

"Basi aje na cheti cha kuzaliwa cha binti. Kikisoma mwaka aliozaliwa, nitaona ana thelathini na tatu, na faili litarudi kwa mama hapa." Aliwaeleza kwa huruma ya kweli. Alitoa hata namba yake ya simu.

Walipanda gari kwenda Kasense mchana. Justa alikuwa amejipa matumaini kwa jambo moja tu lililobaki: kwamba baba yao ataisoma karatasi, na kwamba baada ya kuisoma atalazimika kumtazama Silvana usoni na kusema neno. Si lazima neno kubwa. Pole ingetosha.

Mzee Polikarp alikuwa ameketi kwenye kigoda ukutani, akiota jua. Msichana alipiga goti akamsalimia, akampa karatasi kwa mikono miwili. Mzee alivaa miwani. Alisoma. Kisha akasimama bila fimbo yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Pasaka.

"Daraja la kwanza!" alipiga kelele. "Majirani, njooni! Mwanangu kapata daraja la kwanza!"

Majirani wakaja. Hakuna aliyeuliza ametoka wapi; walimpa mkono, wakasema amekonda, wakasema kusoma kunachosha. Mzee alimkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akamshika kichwa, akambariki kwa Kifipa, baraka ndefu ya baba na babu, iliyokuwa imekaa kifuani mwake miaka kumi na sita bila mtu wa kumpa. Kisha akaagiza achinjwe jogoo.

Silvana mkubwa ndiye aliyemchinja. Alimnyonyoa nyuma ya jiko, peke yake, ndani ya beseni la maji ya moto. Justa alimfuata, akachuchumaa kando yake.

"Dada, nitamwambia baba. Nitamwambia wewe ndiye yule."

"Anajua," Silvana alisema. "Mzee si kipofu. Lete maji mengine."

"Basi mbona hasemi?"

"Akisema, atakuwa amesema na yale mengine yote." Akang'oa manyoya ya bawa kwa nguvu. "Mwache ale kuku."

Chakula kilipoiva, Silvana alipeleka ugali wa ulezi na mchuzi, akanawisha wageni mikono mmoja mmoja. Alipofika kwa baba yake, mzee alinyoosha kidole kwa yule msichana aliyekaa kwenye kigoda.

"Umemwona mwenzio?" alisema. "Umeona mtoto anavyofaulu?"

"Nimemwona, baba," Silvana alisema, akammiminia maji.

Justa aliweka sahani yake chini, akaenda kusimama nyuma ya nyumba mpaka wageni walipoondoka.

Mwezi wa tisa toleo kamili la Mbayuwayu lilitoka. Katika orodha ya marekebisho, kosa la ishirini lilikuwa na mstari wake: watumiaji walikuwa wakichanganywa na swali lisilo la lazima katikati ya usakinishaji, hivyo swali limeondolewa, na sasa diski inafutwa moja kwa moja. Jina la Justa lilikuwa kwenye shukrani, limekosewa herufi moja. Alilisakinisha kwenye kompyuta zote kumi na moja kwa asubuhi moja. Hazikusimama popote. Hata saa ya ile ya tatu ilipona.

Mwalimu Baltazari alikuja kutazama, akaridhika. Wiki hiyohiyo nafasi za ajira zilitangazwa, na kila mwombaji alitakiwa barua ya utambulisho kutoka kwa mkuu wa shule anakojitolea. Alimwandikia Justa barua nzuri sana. Alisema ni mwadilifu, msikivu, na hana tabia ya kuleta migogoro kazini. Justa alikusudia kuichana mbele yake. Aliipokea kwa mikono miwili, akasema asante mkuu, akaitia kwenye bahasha.

Mvua zilianza mwishoni mwa Novemba. Jumamosi moja Justa alikwenda Kasense kusaidia, akawakuta Silvana wawili shambani wakitengeneza matuta, mkubwa mbele na mdogo nyuma. Kijijini walikuwa wamekwisha kuwazoea. Waliitwa Silvana na Silvana, na kwenye michango ya jumuiya waliandikwa kama mtu mmoja. Ile karatasi mzee aliibandika ukutani, juu ya kitanda chake.

Mdogo alisimama akafuta jasho.

"Dada," alimwuliza mwenzake, "wakifungua shule, kidato cha tano watanipangia wapi? Nataka niende mbali kidogo. Nataka nikae bweni."

Silvana mkubwa alimalizia tuta lake, akachomeka jembe ardhini, akarudi nyuma hadi aliposimama msichana. Akaishika mikono yake miwili, akaisogeza kwenye mpini, mmoja juu, mmoja chini, ikaachana.

"Shika hivi," alisema. "Ukilishika vile, mgongo utakufa kabla hujafika thelathini."

Msichana akajaribu. Akalima mara tatu.

"Hivi?"

"Hivyohivyo," Silvana alisema, akarudi kwenye tuta lake.